Uhai ulianza kwa bahati au kwa sheria za asili? Tuipime ile hesabu ya sifuri 40,000

Mwalimu wa Uyole (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kutoka Uyole.

Kuna hesabu inazunguka kwenye simu za watu huku Mbeya, na wanafunzi wa kidato cha tano wameniletea darasani wakiamini imeshamaliza ubishi. Inakwenda hivi. Protini ndogo ni mnyororo wa asidi amino kama 100. Kila pingili ya mnyororo inaweza kuwa mojawapo ya aina 20. Basi minyororo inayowezekana ni 20 kwa kipeo cha 100, takriban 1 yenye sifuri 130 nyuma yake. Atomi zote za ulimwengu tunaoweza kuuona hukadiriwa kuwa 1 yenye sifuri 80 tu. Kwa hiyo, wanasema, uhai haukuweza kuanza kwa bahati, na kesi imefungwa. Mwanafalaki wa Uingereza Fred Hoyle aliitetea hoja ya namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1980. Yeye alipiga hesabu ya vimeng'enya vyote vya seli kwa pamoja, yaani protini zinazoharakisha kemia ya seli, akafika kwenye 10 kwa kipeo cha 40,000, ndizo zile sifuri 40,000 za kichwa cha uzi, na ndiye mwenye ule mfano wa kimbunga kinachopita kwenye vyuma chakavu na kuacha ndege ya Boeing 747 imeundwa tayari kuruka.

Kuzidisha kwake hakuna kasoro. Tatizo ni swali linalojibiwa. Hesabu ile inauliza: je, protini moja maalumu, tuliyoitaja jina kabla, inaweza kutokea kwa kutupa asidi amino ovyo mara moja? Jibu ni hapana, na hakuna mwanakemia anayedai vinginevyo. Lakini maada haitupwi ovyo hivyo. Kaboni hufunga mikono minne, haidrojeni mmoja, oksijeni miwili. Nenda popote ulimwenguni, kaboni haitabadili tabia hiyo. Kabla bahati haijaanza kazi yake, sheria imeshafunga milango mingi na kuacha michache wazi.

Ushahidi upo, tena wa kushika mkononi. Mwaka 1952 Stanley Miller, akiwa mwanafunzi wa Harold Urey kule Chicago, aliweka maji, methani, amonia na haidrojeni ndani ya chupa za kioo, akazipitishia cheche za umeme kwa siku kadhaa. Akapata asidi amino, na matokeo yakachapishwa mwaka 1953. Mwaka 1969 kimondo kilianguka Murchison, Australia. Wakakipasua na kukuta ndani zaidi ya aina 70 za asidi amino, nyingi zikiwa ambazo viumbe wa dunia hii hawazitumii, kwa hiyo huwezi kusema ni uchafu wa mikono ya watu. Kisha mwaka 2023 chombo cha Marekani kikaleta vumbi la kijisayari Bennu, na mwaka 2025 watafiti wakatangaza kwamba ndani yake kuna aina 14 kati ya zile 20 zinazotumiwa na uhai, pamoja na besi zote tano zinazojenga DNA na RNA, molekuli zinazobeba habari za urithi.

Chupa ya Chicago, jiwe la Australia na vumbi la Bennu havijawahi kukutana. Bado vinatoa familia ileile ya molekuli, na gilisini, iliyo rahisi kuliko zote, haikosekani. Kinachojirudia sehemu tatu namna hiyo hakistahili kuitwa bahati. Ni kemia ikifuata mteremko wake.

Sasa bahati iko wapi? Iko palepale ndani. Molekuli gani ikutane na ipi, katika kidimbwi kipi, dakika ipi kabla jua halijakikausha, hakuna sheria inayotaja hilo kwa jina. Tazameni mama anayepepeta mpunga wa Kyela. Hakuna anayeweza kusema punje hii itaruka wapi au kapi lile litaangukia wapi, kila moja lina njia yake. Lakini akirusha ungo mara za kutosha, mchele unabaki na makapi yanakwenda, kwa sababu uzito na upepo havibahatishi. Anayehesabu uwezekano wa punje zote kukaa mahali zilipo, halafu akasema haiwezekani mtu kupata mchele safi, amehesabu kweli lakini ameuacha ungo nje ya hesabu.

Na jambo hili limejaribiwa kwa protini halisi. Mwaka 2001 Anthony Keefe na Jack Szostak walitengeneza mabilioni kwa maelfu ya protini zenye asidi amino 80 zilizopangwa bila mpango wowote, wakatafuta zinazoweza kushika ATP, ile molekuli inayobeba nishati ndani ya seli. Kwa hesabu ya Hoyle wasingepata kitu hadi mwisho wa dunia. Walipata familia nne tofauti. Makadirio yao: takriban 1 katika kila bilioni 100 inaifanya kazi hiyo. Bilioni 100 inasikika kubwa, ila kumbukeni kwamba vijiko vinne vya chai vya maji vina molekuli kama 6 yenye sifuri 23. Kwa kemia, bilioni 100 ni tone.

Kwa hiyo naleta hoja moja tu. Kuuliza "bahati au sheria" ni kuwatenganisha wawili wanaofanya kazi moja. Swali zito ni hili: sheria inaegemea upande wa uhai kwa kiasi gani? Jacques Monod wa Ufaransa, mshindi wa Nobel ya mwaka 1965, aliona ulimwengu haukuwa na mimba ya uhai, sisi ni namba iliyotoka kwenye bahati nasibu. Christian de Duve wa Ubelgiji, naye Nobel ya mwaka 1974, alisema kinyume kabisa: palipo na mazingira sahihi, uhai lazima utokee. Wote wawili walijua biokemia kuliko sisi sote hapa. Mimi naegemea kwa de Duve, nami nataka kupingwa kwa hoja.

---

Kijana wa Mafinga

Shikamoo mwalimu. Uzi umeshiba. Swali langu ni la fizikia. Tulifundishwa sheria ya pili ya thamodainamiki kwamba mambo yakiachwa yenyewe yanakwenda kwenye vurugu. Sasa sheria hiyohiyo unayoitegemea si ndiyo inayokataa uhai kujipanga? Nimeuliza wengi, wanaikwepa.

---

Dada wa Makete

Mdogo wangu wa Mafinga, ngoja nikujibu mimi kabla mwalimu hajarudi, maana jibu linalala nje ya mlango wangu kila mwezi wa saba. Huku kwetu usiku wa baridi kali umande unaganda kuwa sakitu. Ukiamka mapema ukaitazama kwa karibu kwenye jani la kiazi, utaona fuwele zimepangika kwa pembe sawasawa, utaratibu mtupu. Hakuna aliyezipanga, na sheria ya pili haijavunjwa. Maji yalipoganda yalitoa joto, likaenda kwenye hewa na angani. Utaratibu umeongezeka kwenye jani, vurugu imeongezeka zaidi nje, jumla imekwenda vilevile inavyotaka sheria.

Sheria ile inazungumzia mfumo uliofungwa, usiopokea wala kutoa chochote. Dunia haijafungwa. Inapokea mwanga wa jua na kurudisha joto angani mchana na usiku. Mtu aliyeipeleka mbali hoja hii ni Ilya Prigogine, alipata Nobel ya kemia mwaka 1977 kwa kuonyesha kwamba mahali nishati inapopita mfululizo, mpangilio unaweza kuzaliwa wenyewe.

Ila nikuonye mdogo wangu: sakitu haizai sakitu kwa kurithisha habari. Fuwele ni mpangilio unaojirudia tu, wakati DNA ni mpangilio unaosema kitu. Kwa hiyo sheria ya pili haiukatazi uhai, na wala haijatueleza ulikotoka. Hapo mwalimu bado ana deni.

---

Mchungaji Tukuyu

Bwana asifiwe, wapendwa. Nimesoma kwa utulivu na nashukuru mwalimu hakutukana imani ya mtu.

Nina mambo mawili. La kwanza ni la kiimani, nalisema kwa ufupi. Mimi sioni kwa nini sheria ya asili imwondoe Mungu. Ukiniambia kaboni ina tabia ileile toka Rungwe hadi kwenye nyota ya mwisho, mimi nauliza ni nani aliyeipa tabia hiyo. Hata kuhusu bahati, Maandiko yanasema kura hutupwa lakini hukumu ni ya Bwana. Georges Lemaître alikuwa padri, na ndiye aliyependekeza kwamba ulimwengu unapanuka na ulikuwa na mwanzo. Hakuona ugomvi. Basi waumini wenzangu waache kuitumia ile hesabu ya sifuri kama nguzo ya imani, kwa sababu siku nguzo hiyo itakapovunjwa watadhani imani nayo imevunjika.

La pili ni la kisayansi, na hapa sitakuachia, mwalimu. Umetaja jaribio la Szostak. Zile protini zilitengenezwa na nini? Zilitengenezwa kwa mitambo ya seli iliyokwisha kuwepo. Aliyezichuja ni nani? Watu wenye digrii, waliojua wanatafuta nini, wakirudia mchujo mara nyingi. Ungo ulikuwepo na mpepetaji alikuwepo. Unapotuambia asili ilifanya vilevile, inabidi utuonyeshe ungo usio na mkono. Kwenye mfano wako mama yupo.

---

Mwalimu wa Uyole

Mchungaji, ndaga fijo. Hilo la kwanza sina ubishi nalo hata kidogo. Sayansi inaeleza namna mambo yanavyokwenda, na haina kipimo cha kumpima aliyeyaweka. Dada wa Makete naye amenisaidia, na deni alilolitaja ndilo hilohilo la mchungaji.

Ungo usio na mkono. Jibu langu lina sehemu iliyo imara na sehemu iliyo dhaifu.

Iliyo imara: mchujo wa kikemia upo bila mtu. Chukua molekuli za mafuta zenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Zitie majini, zitajipanga zenyewe kuwa vifuko vidogo vyenye ukuta wa tabaka mbili, kama ukuta wa seli ulivyo. David Deamer wa Marekani alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba hata mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye kimondo cha Murchison yanaunda vifuko hivyo. Mara kifuko kikishakuwepo, kilichomo ndani na kilichobaki nje vina hatima tofauti. Kifuko kisichovuja kinadumu, kinachovuja kinapasuka. Huo ni mchujo, na hakuna aliyeshika ungo.

Pia kuna RNA. Thomas Cech na Sidney Altman waligundua mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba RNA inaweza kubeba habari na pia kufanya kazi ya kimeng'enya. Wakapewa Nobel ya mwaka 1989. Kabla ya hapo tulikuwa tumekwama: DNA inahitaji protini ili inakiliwe, protini zinahitaji DNA ili zitengenezwe, kipi kilitangulia? Molekuli moja inayofanya kazi zote mbili ililegeza fundo hilo. Na molekuli ikishaanza kujinakili, hata kwa makosa, basi inayojinakili haraka na kwa uhakika zaidi itawazidi wenzake kwa wingi. Kuanzia hapo makosa ni kazi ya bahati, na kubaki au kupotea ni kazi ya sheria.

Iliyo dhaifu: hatua ya kutoka kidimbwi cha kemikali hadi RNA inayojinakili yenyewe, bila msaada wa maabara, hakuna aliyeikamilisha. John Sutherland na wenzake huko Manchester walionyesha mwaka 2009 njia ya kutengeneza vijenzi viwili vya RNA kutoka kwenye kemikali rahisi zinazoweza kuwa zilikuwepo zamani, jambo lililowashinda watu kwa miongo. Lakini hata pale mkono wa mtu uliamua kipi kiingie lini. Kwa hiyo mchungaji umegusa mahali panapouma kweli. Nasema tu kwamba kila muongo mkono huo unahitajika kidogo kuliko ulivyohitajika muongo uliotangulia, na ndiyo maana naegemea nilikoegemea.

---

Mwamba wa Songwe

Naomba niingie kwa upande wa miamba, nimesomea jiolojia na hapa tumezungukwa na maabara bila kuitambua.

Kwanza chemchemi za maji moto za Songwe, kule zinakochimbwa zile marumaru. Maji mengine pale yanazidi nyuzi joto 80. Yanatoka na kaboni dayoksaidi nyingi, na yakifika juu yanaacha chokaa ambayo kwa maelfu ya miaka imejenga matabaka tunayoyaona bondeni. Gesi hiyohiyo inatoka ardhini kule Rungwe hadi inavunwa na kuuzwa viwandani. Eneo letu lote, lenye volkano za Ngozi, Rungwe na Kyejo, liko mahali matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana, kwa hiyo joto la chini liko karibu na uso.

Darwin aliandika kwenye barua mwaka 1871 kwamba labda uhai ulianza kwenye kidimbwi kidogo chenye uvuguvugu. Leo wapo wanaolichukua wazo hilo kwa uzito, Deamer aliyetajwa na mwenzake Bruce Damer wakiwa mbele. Sababu yao ni hii: kwenye ukingo wa chemchemi ya nchi kavu maji yanapanda na kushuka, tope linalowa na kukauka, linalowa na kukauka. Kila likikauka, molekuli zinasogezwa pamoja na maji yanaondoka, kwa hiyo zinaungana kuwa minyororo. Likilowa tena, minyororo inanaswa ndani ya vile vifuko vya mafuta. Baharini hakuna kukauka. Tena mwaka 2018 walionyesha kwamba mafuta hayo yanaunda vifuko vizuri kwenye maji ya chemchemi za moto, lakini kwenye maji ya bahari chumvi inayavuruga.

Sasa upande wa pili, ili tusipendelee. Deamer huyohuyo alikwenda na kemikali zake hadi kwenye volkano ya Kamchatka, Urusi, akazimwaga kwenye kidimbwi halisi cha moto. Sehemu kubwa ilinasa kwenye udongo wa mfinyanzi na kupotea kwenye maji. Asili halisi ilikuwa na tope ambalo chupa ya maabara haina. Ndiyo maana wengine, kama Michael Russell na William Martin, wanashikilia matundu ya moto ya chini ya bahari, ambako miamba yenyewe inatengeneza tofauti ya asidi na alkali kama ile seli zinayoitumia kupata nishati hadi leo. Kambi hizi mbili hazijakubaliana.

Pili, Kimondo cha Mbozi pale Ndolezi. Tani kama 16, karibu asilimia 90 chuma na asilimia 8 hivi nikeli. Watu wanapeleka watoto kupiga picha na kurudi. Vimondo vya chuma kwa kawaida huwa na madini yaitwayo shraibersaiti, yaani chuma, nikeli na fosforasi. Fosforasi ndiyo uti wa mgongo wa DNA na RNA, na kwenye miamba ya dunia imejifungia kiasi kwamba maji hayaitoi kirahisi. Matthew Pasek wa Marekani ameonyesha kwamba shraibersaiti ikikutana na maji inaachia fosforasi ya aina inayoingia kwenye kemia kwa wepesi. Zamani vimondo vilianguka kwa wingi kuliko sasa. Na hapo, mwalimu, utaiona bahati na sheria kwenye jiwe moja: wapi kimondo kiangukie ni bahati, kikishaanguka kwenye maji kitafanya nini ni sheria.

---

Kijana wa Mafinga

Asante dada, nimeelewa kuhusu mfumo wazi. Mwamba, swali dogo: kama Songwe ina masharti yote hayo, mbona hatuoni uhai mpya ukianza pale leo?

---

Mwamba wa Songwe

Kwa sababu wenyeji wameshafika. Maji yale ya moto yana bakteria wake tayari, hata palipo na joto kali. Molekuli yoyote tamu ikijitokeza inaliwa kabla haijafika popote, na Darwin aliliona hilo kwenye barua ileile. Halafu hewa ya leo ina oksijeni, inayounguza molekuli changa za namna hiyo. Dunia ya miaka bilioni 4 iliyopita haikuwa nayo.

---

Nyasa Kyela

Wakuu mimi si mtu wa kemia, ila nataka kusogeza mjadala kwenye kitu kinachouzwa mnadani Matema.

Ziwa Nyasa lina mamia ya spishi za samaki wa ukoo wa sikildi, ndugu zake perege, na karibu wote hawapatikani popote pengine. Ziwa Tanganyika nalo lina wa kwake. Ukiwaweka meza moja utakuta jozi zinazofanana ajabu: mwenye midomo minene huku na mwenye midomo minene kule, mwenye nundu kichwani huku na mwenye nundu kule. Watu walidhani ni ndugu wa karibu. Vipimo vya DNA miaka ya 1990 vikaonyesha wanaofanana wa maziwa mawili hawana undugu wa karibu, kila ziwa limetengeneza umbo lile kivyake. Kukwangua mwani kwenye mwamba kunadai mdomo wa namna fulani, na ziwa lolote litaishia hapo.

Hiyo ni sheria. Lakini bahati ipo vilevile. Zaidi ya miaka laki moja iliyopita ukame ulishusha ziwa letu kwa zaidi ya mita 500. Nani alibaki kwenye maji yaliyosalia, nani alikauka na ufukwe wake, hilo halikuamuliwa na uzuri wa mdomo. Ukoo mzima ungeweza kupotea kwa sababu tu ulikuwa upande usio sahihi.

Kwa hiyo naona kama maumbo yanarudiwa na majina hayarudiwi. Mwalimu, je, kwenye mwanzo wa uhai unaweza kutenganisha hivyo, kipi kingejirudia na kipi kisingejirudia?

---

Mkazi wa Iringa

Kamwene wote.

Swali la ndugu wa Kyela ndilo swali lenyewe, lakini naomba tuwe wakali na ushahidi kabla ya kulijibu. Watetezi wa de Duve hupenda kusema: dunia ina miaka bilioni 4.54, mabaki ya viumbe yanayokubalika na wengi yana takriban bilioni 3.5, na makadirio ya vinasaba ya mwaka 2024 yanaweka babu wa viumbe wote waliopo kwenye bilioni 4.2 hivi. Uhai uliwahi sana, kwa hiyo ni rahisi kuanza.

Hoja hiyo inapendeza ila ina tundu. Brandon Carter, mwanafizikia, alilionyesha mwaka 1983. Kutoka bakteria hadi kiumbe anayeuliza maswali kumechukua karibu umri wote wa dunia. Kama uhai ungechelewa kwa miaka bilioni 2, pengine tusingekuwepo kuhoji. Sayari yoyote yenye wauliza maswali itajikuta uhai wake uliwahi, hata kama kuwahi huko ni tukio la nadra mno. Tuna mfano mmoja tu, na mfano huo ni sisi wenyewe. David Kipping alipiga hesabu mwaka 2020 akizingatia jambo hilo, akapata kwamba ushahidi wa muda unaegemea uhai wa haraka kwa angalau 3 kwa 1. Ni kuegemea kweli, ila si kwa kiasi cha kumweka Monod kando.

Kwa hiyo mimi namwambia mwalimu: kuegemea kwako kunaruhusiwa, lakini usikifundishe darasani kama jambo lililothibitishwa.

---

Mwalimu wa Uyole

Mkazi wa Iringa, hilo nalifundisha hivyohivyo unavyotaka: kemia ya hatua za mwanzo naipa uzito wa ushahidi, na uwezekano wa jumla nauacha wazi.

Ndugu wa Kyela, umeuliza swali zuri kuliko nililoanza nalo. Nitajaribu. Asidi amino rahisi zingejirudia, tumeshaziona kwenye mawe ya angani. Vifuko vya mafuta, naamini vingejirudia. Kutumia kaboni na maji, karibu hakika. Kutumia RNA yenyewe, hapo natia shaka. Inaweza kuwa njia mojawapo kati ya kadhaa.

Chukua jedwali la msimbo wa vinasaba, zile herufi tatutatu zinazotaja asidi amino. Michanganyiko ni 64, asidi amino ni 20, na jedwali ni karibu lilelile kwa ng'ombe, kwa mmea wa mahindi na kwa bakteria wa Songwe. Francis Crick alipendekeza mwaka 1968 kwamba ni ajali iliyoganda: lingeweza kuwa jingine, ila viumbe vyote vilipolitegemea halikubadilika tena kirahisi. Kisha mwaka 1998 Stephen Freeland na Laurence Hurst walililinganisha na majedwali milioni moja yaliyopangwa na kompyuta bila mpango. Walipopima kosa la herufi moja linaharibu protini kwa kiasi gani, na kuzingatia makosa yanayotokea mara nyingi zaidi, katika milioni nzima walikuta moja tu lililolizidi jedwali letu. Kwa hiyo ajali haielezi kila kitu, mchujo ulipita humo. Lakini bado lipo moja lililolizidi. Mchujo haukufika kileleni, ulisimama mahali pazuri ambapo historia iliusimamisha.

Hivyo ndivyo ninavyotarajia mwanzo wa uhai nao ulivyokuwa.

Na njia ya kutoka kwenye mfano mmoja ipo, imeshaanza kutembewa. Mwezi Enceladus wa sayari Zohali unarusha maji ya bahari yake angani kupitia nyufa za barafu. Chombo Cassini kilipita ndani ya mvuke huo, na mwaka 2023 watafiti wakatangaza kwamba kwenye chembe zake za barafu kuna fosfeti, yenye ile fosforasi aliyoitaja Mwamba. Chombo Europa Clipper kiliondoka Oktoba 2024 kuelekea Mshtarii, kinatarajiwa kufika mwaka 2030, na kazi yake ni kupima kama bahari iliyo chini ya barafu ya Europa, mwezi wa Mshtarii, inafaa kwa uhai. Uhai wa pili ukipatikana ndani ya mfumo huu mmoja wa jua, na ukithibitika ulianza kivyake, hoja ya Monod itakuwa ngumu kuitetea.

---

Kijana wa Mafinga

Mwalimu, samahani nakusumbua tena. Watajuaje ulianza kivyake? Si mawe husafiri kutoka sayari hadi sayari? Labda ni bakteria wa kwetu waliorushwa huko na kimondo.

---

Mwalimu wa Uyole

Hunisumbui, hilo ni swali la kidato cha sita na zaidi.

Njia moja ni kutazama mkono. Asidi amino nyingi huja kwa maumbo mawili, la kushoto na la kulia, kama mtu na taswira yake kwenye kioo. Tabia hiyo ya molekuli kuwa na mikono miwili Pasteur aliigundua mwaka 1848 kwenye fuwele za chumvi ya asidi ya mvinyo. Chupa ya Miller inatoa mikono yote miwili nusu kwa nusu. Vumbi la Bennu nalo lina karibu nusu kwa nusu. Lakini protini za viumbe wa dunia zinajengwa kwa za kushoto, za kulia zinaonekana kwa nadra na kwa kazi maalumu.

Wakikuta huko viumbe waliojengwa kwa za kulia, hao si jamaa zetu, na uhai ulianza mara mbili. Wakikuta za kushoto, ubishi utaendelea. Inaweza kuwa ni undugu uliosafirishwa na mawe. Inaweza kuwa ni bahati iliyoangukia upande uleule. Au inaweza kuwa kuna sheria inayosukuma kushoto, maana baadhi ya asidi amino za Murchison zilikutwa na ziada ya za kushoto kabla kiumbe yeyote hajazigusa, na chanzo cha ziada hiyo hakijakubaliwa na wote.